Kesi ya Kununua

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kesi huuzwa. Mtu anayetarajia kuhamishiwa Marekani, Canada au Australia hufunguliwa faili, na faili hilo wenyewe huliita kesi. "Kesi yako imefikia wapi?" watu huulizana kwenye foleni ya maji hata kabla ya kujuliana hali. Kila mwaka wanaopata nafasi hiyo hawafiki asilimia moja ya wakimbizi wote duniani, na penye uhaba wa namna hiyo mchuuzi hachelewi kufika. Yupo anayeuza nafasi ya mtoto katika familia ya mwingine. Yupo anayeuza barua ya kutafutwa na polisi, yenye muhuri wa Goma, Kongo. Na yupo anayeuza historia nzima, tangu jina la kijiji hadi hesabu ya maiti.

Mama ninayemsimulia hapa simpi jina, na nimemtunga, kwa sababu sitaki kumwanika mkimbizi yeyote. Lakini njia aliyopita, vita vilivyomtoa kwao na taratibu zilizomnasa ni mambo ya kweli, na watu wa Masisi, mashariki mwa Kongo, watayatambua.

Alitoka vilima vya juu ya Kitshanga, Masisi. Huko ni baridi. Watu hulima viazi na maharage, na upande wa pili wa uzio kuna malisho ya ng'ombe wanaotoa jibini ile inayouzwa Goma. Mwishoni mwa Januari 2023 waasi wa M23 waliingia Kitshanga. Mume wake alitangulia kutafuta njia, wakapotezana, na hajasikika tena. Mama akashika njia na binti zake wawili pamoja na mvulana wa miaka kumi na miwili, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye alimlea tangu anatambaa na ambaye humwita mama. Walipita Rutshuru, wakavuka mpaka Bunagana, wakapokelewa kituo cha Nyakabande, Kisoro. Pale mwandikishaji aliwachukua alama za vidole, akauliza maswali machache. Mmetoka wapi? Kitshanga, Masisi. Watoto ni wangapi? Wawili wangu, na huyu wa dada yangu aliyefariki. Akaandika. Mama alikuwa amechoka, miguu imevimba, hakuwa na nguvu ya kutunga lolote. Alisema yaliyokuwepo, yakaingia kwenye mtambo.

Mwaka uliofuata, akiwa tayari Nakivale, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilimwita kwa mahojiano ya kwanza, kama mama anayelea watoto peke yake. Hakuwa ameomba. Hivyo ndivyo inavyofanyika: hakuna fomu ya kuomba kuhamishwa inayouzwa popote, ofisi yenyewe ndiyo inayomtambua mtu kutokana na hali yake. Wiki haikuisha, akaja mtu mlangoni. Kwetu Kivu tunamwita komisioneri, mtu wa kati. Alikuwa Mkongo mwenzake, mpole wa maneno, na alijua kwamba mama ameitwa. Hilo peke yake lilitosha kumfanya mama aamini kwamba ana watu ndani.

"Yaya," akamwambia, "hiyo istoria yako haina nguvu. Batu bote ba Masisi banasemaka vile vile."

Kisha akampa ushauri wa mambo matatu. Kwanza, aseme alikuwa Luvungi, katika Walikale, mwaka 2010, siku zile za ubakaji. Pili, aseme yule mvulana ni wa tumbo lake, kwa sababu "Wazungu hawachukui mtoto wa dada." Tatu, amwingize kijana mmoja wa miaka kumi na tisa kama mwanawe wa kwanza aliyepotea njiani na sasa amepatikana. Hakumtoza mama hata shilingi moja. Aliyetoa pesa ni yule kijana. Mama alichotoa ni nafasi katika familia yake, na kwa kuwa hakutoa fedha, hakuona kwamba amenunua kitu. Alijiona amesaidiwa. Akaweza hata kumshukuru Mungu usiku ule.

Nataka tukae kidogo kwenye chumba cha mahojiano, kwa sababu watu wengi hudhani udanganyifu hugunduliwa na mashine. Mashine zipo. Ila mama huyu aliangushwa na viazi.

Ofisa alimuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, maisha ya Luvungi yalikuwaje. Mnalima nini? Viazi na maharage. Watoto walikunywa nini asubuhi? Maziwa, ya ng'ombe wa jirani. Kulikuwa na baridi? Sana, hasa Julai. Mkalimani aliyekaa kati yao akainamisha macho. Luvungi iko msituni. Walikale ni nchi ya joto na mvua, ya mihogo, ndizi na mafuta ya mawese, nchi ya machimbo ya Bisie, ambako ndege ndogo za kubeba madini zilikuwa zikitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo kwa kukosa kiwanja. Hakuna malisho ya ng'ombe wala upepo wa Masisi. Ofisa akauliza tena: majirani zako mlisalimianaje? Wenyeji wa kule wengi ni Wanyanga. Mama alijua Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili. Kinyanga hakujua hata salamu ya asubuhi. Kutoka kwako hadi kijiji cha Mpofi ni mwendo gani? Akakisia.

Kisha ofisa akafungua kumbukumbu ya Nyakabande. Alama za vidole ni zile zile. Kitshanga, Januari 2023. Watoto wawili, na wa dada.

Watoto nao walihojiwa mmoja mmoja. Yule kijana wa miaka kumi na tisa aliulizwa kaka yake mdogo alilala upande gani wa nyumba, nani aliwapikia siku mama alipougua, bibi alizikwa wapi. Alikuwa amekariri majina na tarehe za kuzaliwa. Hakuwa amekariri maisha. Ofisa akataja kipimo cha vinasaba. Kabla wiki haijakwisha kijana hakuonekana tena Nakivale, na simu ya komisioneri ikawa haipatikani. Kesi ya mama ikasimamishwa, na binti zake wawili, ambao hawakusema hata neno moja la uongo, wakasimamishwa pamoja naye.

Kinachoniumiza zaidi ni yule mtoto wa dada. Uongo juu yake haukuhitajika. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, na hakuna anayeona haja ya kueleza. Taratibu za wakimbizi zinatambua jambo hilo hilo kwa namna yake: UNHCR hufanya tathmini ya maslahi ya mtoto kwa watoto waliotengana na wazazi au waliofiwa nao, ikiwauliza wanaowalea na watoto wenyewe, na mara nyingi mtoto husafiri na shangazi, bibi au mama mdogo aliyemlea. Alichohitaji mama ni kurudia sentensi aliyoisema Nyakabande akiwa na miguu iliyovimba. Sasa mtoto ameandikwa kwenye faili mara mbili kwa namna mbili, na mtu yeyote atakayelisoma lazima ajiulize kama mvulana huyu naye hakuuziwa nafasi kama yule mwingine.

Na shaka hiyo haianzii kwake. Mwaka 2008 Marekani ilianza kupima vinasaba vya wakimbizi walioomba kuungana na jamaa zao walioko Marekani. Ilianzia Nairobi, ikaendelea katika nchi nyingine za Afrika, Uganda ikiwamo. Familia ambazo undugu wote uliodaiwa ulithibitika hazikufika asilimia 20. Katika nyingine zote kulikuwa na mmoja angalau asiyelingana, au watu walikataa kupimwa. Bila shaka ndani ya hesabu hiyo wamo watoto wa dada na wa kaka, waliolelewa kwa upendo wa kweli na kuandikwa kwa uongo. Mpango wote ulifungwa Oktoba 2008 na haukufunguliwa tena hadi Oktoba 2012. Miaka minne. Baba aliyekuwa Minneapolis na mwanawe halisi akiwa kambini Dadaab alisubiri miaka hiyo minne kwa kosa la watu asiowajua.

Turudi Luvungi, kwa sababu hapo pana deni ambalo hakuna anayelitaja. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, wapiganaji wa FDLR na wa Mai-Mai wa Ntabo Ntaberi Sheka walivamia vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake 300, wanaume 23, wasichana 55 na wavulana 9. Sheka alijisalimisha Julai 2017, na tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ikamhukumu kifungo cha maisha. Wapo wanawake wa barabara ile ambao hawajawahi kusema mbele ya mtu mgeni yaliyowapata. Siku mmoja wao atakapokaa mbele ya ofisa na kuanza kusema, ofisa huyo atakuwa tayari amesikia Luvungi kutoka kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Walikale. Atamsikiliza kwa shaka. Komisioneri anayeuza historia ya Luvungi anamwibia mwanamke huyo kitu pekee alichobaki nacho, nacho ni kuaminiwa.

Tena historia ya Kitshanga haikuwa dhaifu. Mume aliyepotea, nyumba iliyoachwa, watoto watatu, njia ya miguu hadi Bunagana: hiyo ni historia kamili ya mkimbizi mbele ya sheria yoyote. Ilikuwa na upungufu mmoja tu, kwamba ilifanana na ya majirani. Vita vya Masisi vimewafukuza watu kwa maelfu kwa namna moja, na kufanana huko ni ushahidi kwamba vita vilikuwepo.

Shida ya watu wa Masisi ni karatasi, na hapo ndipo komisioneri anapopenyea. Kongo imekaa miongo bila kitambulisho cha taifa; kadi ya mchaguzi ndiyo iliyoshika nafasi yake. Sasa uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi wala Rutshuru kwa sababu ya vita. Kwa hiyo mtu wa Masisi aliyekimbia kweli anaweza kufika mbele ya ofisa bila kadi mpya, bila cheti cha kuzaliwa, bila barua ya shefu, wakati tapeli ana bahasha iliyojaa mihuri. Maofisa wanalijua hili. Karatasi za Kongo zimeghushiwa kiasi kwamba barua ya kutafutwa na polisi, iliyochapwa vizuri, siku hizi huamsha maswali badala ya kuyanyamazisha. Usiwe na karatasi, useme huna, ueleze ilivyopotea. Hilo linakubalika. Karatasi ya kughushi moja huchafua tisa za kweli.

Wapo waliofuata njia nyingine, ya ndege hadi Ecuador au Brazil, kisha miguu katika msitu wa Darién hadi mpaka wa Mexico. Juni 2019 mamia ya Wakongo na Waangola walifika San Antonio, Texas, kwa mkupuo mmoja, na wengi wakaelekea Portland, Maine. Hao kesi yao husikilizwa na hakimu wa uhamiaji, na mtego wao ni mkali kuliko wa Nakivale. Kule komisioneri huitwa "msaidizi wa fomu." Ni mtu wa kanisani, au binamu wa rafiki, anayejaza fomu ya kuomba hifadhi, I-589, kwa malipo kidogo na kuweka ndani yake historia aliyokwisha kuwawekea wengine. Mara nyingi hatii saini yake mahali pa mwandaaji, ingawa sheria inamtaka atie. Mwombaji anatia yake, kwa kiapo, kwenye Kiingereza asichokisoma.

Mahakamani mwanasheria wa serikali huwa na maelezo yote: aliyosema mtu mpakani usiku wa kwanza, aliyosema kwenye mahojiano ya hofu ya kurudishwa kwao, na yaliyoandikwa kwenye fomu. Huyaweka pamoja. Tangu sheria ya mwaka 2005, hakimu anaruhusiwa kupima ukweli wa mtu hata kwa mgongano mdogo usiogusa kiini cha madai yake. Na hakimu akiamua kwamba sehemu muhimu ya ombi ilitungwa kwa makusudi, baada ya mwombaji kuonywa, mtu huyo hufungiwa milele kupata karibu kila haki ya uhamiaji ya Marekani, hata akija kuoa au kuolewa na raia. "Msaidizi" hayumo kwenye hukumu hiyo. Jina lake halipo popote.

Wala muda haufuti. Gervais Ngombwa, Mnyarwanda, alipokelewa Marekani mwaka 1998 kama mkimbizi, akidai pamoja na mengine kwamba ni ndugu wa Faustin Twagiramungu, waziri mkuu wa zamani. Alipata uraia, akaishi Cedar Rapids, Iowa, kama jirani yeyote. Mwaka 2016 alitiwa hatiani kwa kupata uraia kwa uongo, na mwaka 2017 akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Rwanda ilimtuhumu kwa mauaji ya kimbari, na simlinganishi mama wa Kitshanga na mtu huyo. Ila undugu ule wa kubuni ulikaa kwenye faili karibu miaka ishirini, ukasomwa.

Sasa nani wa kusema? Wakimbizi huniambia kwamba kusema ni hatari, na ni kweli. Mwaka 2001 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walithibitisha kwamba mtandao wa watu jijini Nairobi uliwatoza wakimbizi maelfu ya dola, kwa nafasi ambazo ni za bure. Walikamatwa watu kadhaa, wakiwamo wafanyakazi wa ofisi yenyewe ya UNHCR, na katika uchunguzi huo wakubwa waliotaka kuusafisha uozo walitishiwa kuuawa. Hata hivyo mtandao ule ulivunjika, na ulivunjika kwa sababu wakimbizi walikubali kukaa na wachunguzi na kutaja nani aliomba nini. Uganda nayo, Februari 2018, iliwasimamisha maofisa wa idara ya wakimbizi katika Ofisi ya Waziri Mkuu kwa tuhuma za hesabu za kupachika. Uhakiki wa alama za vidole uliofuata ulimalizika Oktoba mwaka huo ukiwa umeonyesha wakimbizi wapatao milioni 1.1, wakati vitabu vilidai milioni 1.4. Baada ya hapo ukawekwa mfumo wa simu ya bure ya malalamiko, unaofanya kazi hadi kwenye makazi.

Kwa hiyo njia zipo, na zinahitaji kutumiwa kwa akili. Malalamiko yasipelekwe kwenye meza ambayo mhusika ana rafiki. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa UNHCR, iliyoko Geneva, hupokea taarifa kwa siri, hata za asiyetaka kujulikana. Kwa aliyeko mbele ya hakimu wa uhamiaji Marekani, idara inayoendesha mahakama hizo ina kitengo cha kushughulikia udanganyifu tangu 2007, na kinapokea pia malalamiko ya watu waliotapeliwa na "wasaidizi." Mlalamikaji aeleze namba ya simu iliyotumika, tarehe, kiasi kilichotajwa, na maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa. Ujumbe wa mobile money usifutwe. Sauti za WhatsApp zisifutwe. Watu hufuta kwa hofu, kisha wanabaki na neno lao dhidi ya neno la mtu anayejua kusema kuliko wao.

Na aliyekwisha kudanganya? Asikae akisubiri. Atafute mwanasheria halisi, au mwakilishi aliyeidhinishwa wa shirika linalosaidia bure, na aseme mwenyewe kabla hajaulizwa. Anayejirekebisha mapema, kwa hiari yake, husikilizwa tofauti na aliyenaswa. Mama wa Kitshanga angeweza kusimama katikati ya yale mahojiano, pale kwenye swali la maziwa, akasema: nisamehe, sikuwa Luvungi, nilikuwa Kitshanga, na huyu ni wa dada yangu. Angekuwa na haya, lakini kesi yake ingebaki na mwenye kesi.

Siku hizi uongo wa komisioneri umepata soko jipya. Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, mwezi ule ule M23 walipoingia Masisi mjini kisha Goma, na Machi wakafika hadi Walikale mjini kabla ya kuondoka. Watu waliokuwa wameshakatiwa tiketi wakarudishwa kwenye vibanda. Sasa kuna wanaopita makazi ya Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja wakisema mlango mkubwa umefungwa lakini wao wana mlango mdogo. Hawana.

Wachungaji wa makanisa ya Wakongo, wenyeviti wa vijiji vya makazi, walimu mnaosikilizwa: tangazeni Jumapili hii, kwa Kiswahili, kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda na kwa Kinyanga, kwamba hakuna hatua hata moja ya kesi ya kuhamishwa kutoka makazini inayouzwa, si faili, si mahojiano, si nafasi yenyewe. Na mtu akija mlangoni kwa mama wa Masisi kumwambia historia yake haina nguvu, mwandikeni jina.